Nilisema malenge yameiva, ndugu yangu akafukuzwa: ya Njoro, miaka ya hamsini

Wakuu, salamu kwenu wote, wa hapa Nakuru na wa mbali.

Mimi ni mzee, themanini na tano nimeshapita. Simu hii mjukuu wangu alininunulia nisome habari, nikajikuta nasoma nyuzi zenu kila asubuhi. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie.

Haya ninayoandika yalitokea. Sijaongeza chumvi. Mahali ambapo naonekana mtu mbaya, mjue ni kwa sababu hapo nilikuwa mbaya.

Wiki iliyopita kuna mama aliuliza hapa: atajuaje malenge yake yako tayari kuvunwa? Watu wengi wakamjibu. Karibu wote walisema hivi: bonyeza ganda na ukucha, ukucha ukikataa kuingia, vuna.

Nilisoma hayo majibu nikaweka simu chini. Chai yangu ikapoa hapo mezani.

Ukucha ni nusu ya jibu tu. Hiyo nusu nyingine sikuitaka nilipokuwa kijana, na mtu aliyeilipia si mimi.

Basi nianze.

Sisi ni watu wa western. Baba alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli, na sisi tukalelewa kwa zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja watu saba. Baba alifariki nikiwa Standard Six, masomo yakaishia hapo.

Ndugu yangu mkubwa, Wafula, alikuwa tayari ameoa. Alikuwa akifanya kazi ya bustani kwa shamba la mzungu upande wa Njoro. Ngano kubwa, ng'ombe wa maziwa, na nyuma ya nyumba bustani ya mboga kama nusu ekari. Hiyo bustani ndiyo ilikuwa yake.

Nilipofika miaka kumi na tisa aliniombea kazi nikawe msaidizi wake. Hii ilikuwa wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Wakikuyu waliokuwa wakiishi kwa hayo mashamba walikuwa wamepakiwa kwa malori na kurudishwa kwao, na watu wetu ndio walioletwa kujaza pengo.

Hata nyumba aliyopewa Wafula ilikuwa ya mtu mwingine kabla yake. Shemeji yangu, Nanjala, aliniambia walipoingia walikuta mwiko umebaki ndani ya sufuria. Hakuutumia. Aliuweka juu ya dari, akasema huenda mwenyewe atarudi.

Nimeona niseme hilo kwa sababu hata sisi tulikuwa tumekalia kiti cha mtu.

Sasa mjue Wafula alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa msemaji. Hakusoma, jina lake tu ndilo alijua kuandika. Lakini mmea alikuwa anauelewa. Angepita kwa kabichi akainama, akang'oa jani moja, na usipoelewa kwa nini hakuelezi mpaka umuulize.

Mimi nilikuwa kinyume. Nilikuwa na Kiingereza cha Standard Six na confidence ya mtu wa chuo kikuu.

Na Kiingereza hicho ndicho kilichoniponza.

Bwana mwenye shamba aliongea Kiswahili vizuri, lakini wakati huo hakuwa nyumbani sana. Walikuwa wamemwita kwa polisi wa akiba, anaenda wiki tatu, anarudi siku mbili. Aliyebaki ni memsahib, mke wake, mwanamke kijana tu, hajamaliza hata mwaka tangu atoke Uingereza. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama manne: lete, peleka, haraka, kesho.

Mambo mengine yote yalipitia kwangu. Anaongea Kiingereza, namgeuzia Wafula. Wafula anajibu, namgeuzia memsahib. Nilikuwa najisikia mtu mkubwa sana nikisimama katikati yao.

Memsahib alikuwa ameagiza mbegu za malenge kutoka ng'ambo. Si haya yetu ya kawaida. Yalikuwa ya ganda gumu la kijivu, mazito, ndani ya rangi ya machungwa, ya kuwekwa stoo muda mrefu. Tulipanda mvua ya Aprili ilipoanza, na yalitambaa mpaka kwa ua wa nyuma.

Alipoona yanazaa akapata wazo. Alienda Nakuru akaongea na hoteli moja, wakakubaliana atawapelekea malenge mwisho wa Septemba, lori lije lichukue. Nafikiri alitaka bwana akirudi akute kuna kitu ambacho yeye mwenyewe amekianzisha. Simlaumu kwa hilo. Alikuwa mpweke pale, nyumba kubwa, bunduki imeegemea kitanda.

Alikuwa na kitabu cha bustani. Siku moja akanionyesha ukurasa: ukitaka kujua kama boga limekomaa, bonyeza ganda kwa ukucha wa kidole gumba.

Nilifurahi kama niliyepewa cheo. Kila asubuhi nikawa napita bustanini nabonyeza. Boga hili, boga lile. Leo nabonyeza, kesho narudia pale pale.

Wafula akaniona.

"Wacha kuyachokoza," akaniambia. "Ganda likiumia, hapo ndipo uozo unaingilia."

"Kitabu kinasema hivi ndivyo wanapima."

"Kitabu hakijaona haya. Angalia kikonyo." Akainama akanionyesha pale boga linaposhikana na mmea. "Hiki bado kibichi, kina maji. Kikikauka kiwe kama mti, kiwe na nyufa, hapo ndipo mama yake amemwachilia. Halafu uligeuze kidogo, uangalie tumboni linapolalia udongo. Hapo sasa ni peupe. Ngoja pawe pa njano, pa njano kabisa."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Nne mvua ikiendelea."

Nilimsikia vizuri. Hata leo naweza kuwarudishia neno kwa neno, kama mnavyoona. Shida haikuwa kusikia.

Siku chache baadaye mtoto wa Wafula akashikwa na homa mbaya. Wafula akaomba ruhusa, yeye na Nanjala wakampeleka hospitali Nakuru. Wakakaa huko siku tatu.

Siku ya pili memsahib akaja bustanini. Alikuwa na barua ya hoteli mkononi. Walikuwa wanataka malenge mapema, wana wageni wengi.

Akaniuliza kwa Kiingereza, yako tayari?

Nikabonyeza moja mbele yake, lile kubwa. Ukucha haukuingia. Nikasema ndiyo, madam.

Akasita. Akaniuliza tena, na Wafula anasemaje? Kwa sababu bwana alikuwa amemwambia mambo ya bustani amsikilize Wafula.

Wakuu, hapa ndipo nilipokuwa na nafasi. Ningesema tu, Wafula anasema tungoje wiki tatu. Ilikuwa kazi yangu kusema hivyo. Hakuna mtu angenichapa.

Lakini nilitaka awe ameniuliza mimi, akajibiwa na mimi, na jibu liwe lile analotaka.

Nikasema, Wafula anasema yako sawa.

Tukavuna siku hiyo hiyo. Nilikata haraka haraka. Mengine niliyabeba kwa kukamata kikonyo kama mpini wa ndoo, kikang'oka, nikayatupa tu kwa wilbaro. Kulikuwa na umande bado. Tukayapanga stoo, moja juu ya lingine, tukafunga mlango.

Wafula aliporudi alienda bustanini kwanza hata kabla ya kula. Akakuta majani matupu.

"Nani amesema yakatwe?"

"Memsahib mwenyewe," nikajibu.

Hakuniuliza tena. Akafungua stoo akayatoa yote, moja moja, akiyashika kwa chini kama unavyobeba mtoto. Akayapanga juani juu ya mabua, hakuna linalogusa lingine. Alisema yakipata jua siku kumi hivi, pengine mengine yatapona.

Akayageuza akaona zile alama. Vijimwezi vidogo vidogo vya ukucha, mengine yalikuwa nazo sita, saba.

Akaja akashika mkono wangu, akaangalia kidole gumba. Akauachilia mkono akaendelea na kazi.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Memsahib akatuma neno yarudishwe ndani upesi. Wafula akaniambia nimwambie ni bora yawekwe chini ya paa la veranda, upepo upite. Nikamwambia memsahib. Hilo nilitafsiri vizuri. Akakataa, hakutaka veranda yake iwe soko.

Yakarudi stoo.

Lori la hoteli lilipokuja, wiki mbili baadaye, sisi wenyewe ndio tulifungua mlango. Sijui niwaelezeje hiyo harufu. Ya chini yalikuwa yamekuwa uji, yamemwagikia sakafu. Ya juu yalikuwa mazima kwa macho, lakini mtu wa hoteli alipasua mawili akaonja. Meupe ndani, maji matupu, hayana utamu wowote. Akafunga kisu chake, akaingia kwa lori, akaenda.

Memsahib alisimama hapo mpaka lori likapotea. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Halafu akasema tumwite Wafula.

Wafula alikuwa amesimama nyuma yake, hatua tatu. Memsahib hakuwa anamtazama.

Akaniambia, mwulize kwa nini alisema yako tayari.

Nikamgeukia ndugu yangu. Nikasema kwa Kiswahili, "Anauliza kwa nini yameoza."

Wafula akajibu polepole ili nipate kila neno. "Mwambie hayakuwa yameiva. Kikonyo kilikuwa kibichi. Mwambie mimi nilisema tungoje, na siku yalikatwa nilikuwa hospitali na mtoto."

Memsahib akaniangalia. "Anasema nini?"

Nikasema, "He says he is sorry."

Hayo tu. Maneno yote ya Wafula nikayafanya hayo matano.

Memsahib akasema sorry haitoshi. Akasema bwana alimwamini mtu huyu, na yeye akaaibishwa mbele ya mji mzima. Akasema aondoke kesho, na barua ya kumsifu kazi hatapata.

Nikamgeuzia Wafula hiyo. Hiyo sikupunguza kitu.

Akavua ile aproni ya kazi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya wilbaro. Akaenda nyumbani kwake.

Nikamfuata. Nilimkuta anatoa vitu nje, Nanjala anafunga nguo kwa shuka. Nikaanza kumwambia angoje bwana arudi, bwana anajua Kiswahili, atamsikiliza yeye mwenyewe.

"Nimngoje nimwambie nini?" akauliza. "Kwamba mdogo wangu ni mwongo? Tufukuzwe wote wawili, na mama kule Nakuru ategemee nani?"

Nikasema sikuwa na nia mbaya, memsahib alikuwa mkali, nilichanganyikiwa.

Ndipo akasimama akaniangalia.

"Barasa, nimefanyia wazungu kazi miaka minane. Kiingereza sikisemi. Lakini sorry naijua."

Wakuu, nimepitia mambo mengi maishani. Nimezika mke na watoto wawili. Lakini hayo maneno aliyasema bila hasira hata kidogo, na ndiyo maana hayajawahi kutoka.

Asubuhi wakaondoka. Nilifikiri Nanjala ataniambia kitu kibaya, na ningependelea aniambie. Alitoka wa mwisho, mtoto mgongoni, akaweka ufagio mlangoni.

"Nimekufagilia," akasema. "Najua watakuhamishia hapa."

Na walinihamishia hapo. Wiki hiyo hiyo. Nikapewa bustani, nikapewa nyumba. Sikukataa.

Msimu uliofuata nikapanda malenge tena, na nikafanya kila kitu alichonifundisha Wafula. Sikugusa ganda na ukucha. Nilingoja mpaka majani yakaanza kunyauka, kikonyo kikawa mti, tumbo likawa la njano kama siagi, ganda likapoteza ule mng'ao. Nikakata siku ya jua kwa kisu, nikaacha kikonyo kirefu kama kidole. Nikayaanika, nikayapanga kwenye mbao pasipo kugusana. Yalikaa mpaka baada ya Krismasi.

Memsahib alifurahi sana. Akaniambia, unaona, wewe ni bora kuliko ndugu yako.

Nikasema thank you, madam.

Wafula bila barua hakupata tena kazi ya bustani. Alienda Sachangwan, akapata kazi ya kukata miti na kupasua mbao. Wale mnaojua Sachangwan mnajua baridi ya huko. Kifua kikamshika mapema, na hakikumwachilia.

Nilimtembelea mara moja, kama miaka miwili baadaye. Nilibeba maboga mawili, yale mazuri kabisa. Alinikaribisha, Nanjala akapika chai. Tukaongea kuhusu mama, kuhusu mvua, kuhusu watu wa nyumbani. Akachukua boga moja akaligeuza, akaangalia kikonyo, akaangalia tumbo.

"Hili limeiva," akasema.

Akaliweka chini karibu na mlango. Tukamaliza chai. Nilikuwa nimepanga njia nzima kuomba msamaha, lakini niliinuka pale kitini nikaaga nikarudi Njoro.

Nilijiambia nitaomba safari nyingine. Wakuu, ile safari nyingine niliisogeza mbele miaka zaidi ya ishirini. Uhuru ukaja, shamba likauzwa, nikaenda kufanya kazi kiwandani Nakuru, nikajenga. Tulikuwa tunakutana kwa harusi na matanga, tunasalimiana kwa mkono, tunaulizana hali.

Kisha nikaitwa kwamba Wafula amefariki.

Kwenye mazishi ndipo nilipojua alichowaambia watu miaka hiyo yote. Aliwaambia aliacha ile kazi ya Njoro mwenyewe, kwa sababu alitaka kujitegemea, na akaona mdogo wake apewe nafasi. Mchungaji alilisema hilo mbele ya kaburi kama mfano wa upendo wa ndugu. Watu wakaitikia amina.

Halafu wakaniita mimi niseme neno, kwa sababu ndiye niliyefanya kazi naye.

Nikasimama. Nanjala alikuwa ameketi mbele, na alikuwa ananiangalia usoni. Yeye peke yake, kati ya watu wote wale, alijua.

Nikasema Wafula alikuwa mtu wa bidii. Nikasema alipenda mimea. Nikakaa.

Nanjala akainamisha macho. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniita shemeji tena. Alikuwa akiniita mzee, kama unavyomwita mtu uliyekutana naye stendi. Miezi miwili iliyopita naye amezikwa.

Kwa hivyo sasa ninayejua nimebaki mimi. Na nyinyi.

Mama uliyeuliza kuhusu malenge, jibu lako hili hapa. Ukucha utakuambia ganda ni gumu. Hautakuambia kama ndani kumekomaa, na ukibonyeza kila siku unalifungulia uozo mlango. Angalia kikonyo kwanza, halafu tumbo, halafu ule mng'ao. Kama una shaka, ongeza wiki moja. Hakuna boga lililowahi kuharibika kwa kungojewa wiki moja ya jua.

Na wale vijana mnaofanya kazi ya kusimama kati ya bosi na wenzenu, mnaopeleka maneno huku na huku: peleka neno lote. Bosi akikasirika, atakasirikia ukweli. Mimi nilipunguza maneno ya mtu mmoja siku moja, na hakuna siku nyingine iliyotosha kuyarudisha.

Limebaki jambo moja, na ndilo linalonifanya niandike.

Wafula aliacha binti, kitinda mimba, aliyezaliwa Sachangwan. Ni mwalimu. Tangu mama yake azikwe ananipigia simu kila Jumapili, kwa sababu anasema mimi ndiye baba aliyebaki. Jumapili iliyopita aliniomba nimsimulie jinsi baba yake alivyoniachia kazi, anataka kuiandikia watoto wake.

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Atapiga tena keshokutwa. Nikimwambia, nitapoteza sauti pekee inayonijali katika ukoo wote ule. Nisipomwambia, basi nimemtafsiria na yeye.

Nyinyi mngefanya nini? Semeni wazi, hata kwa ukali. Nasoma kila comment, ingawa polepole.